Uji wa Mlangoni

Asubuhi ile Verediana Kalinga alipoingia soko la Mwanjelwa kutafuta fundi wa kumtengenezea viti vya haja, mafundi wawili walimcheka na wa tatu akamuuliza kama ni vya ukumbi wa harusi. Alivaa gauni la kitenge cha njano, sweta jeusi kwa ajili ya baridi, na raba nyeupe ambazo hazikupatana kabisa na gauni. Mvua ilikuwa imenyesha, njia kati ya vibanda ilikuwa tope tupu, na spika ya muuza dawa za panya ilikuwa ikirudia maneno yale yale bila kuchoka.

Fundi wa nne hakucheka. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye nyusi, penseli kaichomeka juu ya sikio. Alizima mashine ya randa ili amsikie.

"Mgonjwa wako anakaa mwenyewe au anakalishwa?" aliuliza.

"Anakalishwa."

"Basi mikono ya kiti iwe minene, na mmoja uwe wa kuchomoka. La sivyo huyo anayemkalisha atavunjika kiuno."

Verediana akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hayo umeyajulia wapi?"

"Nimemtengenezea baba yangu. Karibu ukae, sista. Kigoda hicho vanishi yake imeshakauka."

"Nani kakwambia mimi ni sista?"

"Raba zako."

Jina lake lilikuwa Ipyana. Mbao alizifuata Mafinga mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuchagua. Verediana akamweleza kwamba alikuwa nesi wa wodi kwa miaka mingi, lakini sasa anafundisha kwenye chuo cha uuguzi hapo Mbeya, na anafanya utafiti kuhusu watu waliopigwa na kiharusi wanaouguzwa majumbani. Viti hivyo vilikuwa vya wagonjwa wa awamu ya pili ya utafiti. Ipyana alisikiliza huku anapitisha msasa kwenye mguu wa meza ambao tayari ulikuwa laini.

"Nipe namba yako," alisema mwishoni. "Kwa ajili ya vipimo."

Alipiga jioni ile ile. Vipimo vilimalizika haraka. Maongezi hayakumalizika.

"Kalinga ni Mhehe wa wapi?" aliuliza.

"Iringa mjini, Kihesa. Unauliza kwa nini?"

"Nina mbwa, na nasikia Wahehe mnawala. Nataka kujua kama nimfungie ndani ukija."

"Mfungie. Na wewe ukija kwetu, usituhutubie. Wanyakyusa mkipewa maji ya kunywa mnasimama kutoa shukrani nusu saa."

Akacheka kwa sauti ambayo Verediana aliikumbuka tena asubuhi akiwa anafunga vifungo vya koti jeupe. Alikuwa na miaka thelathini na minne, alijua fika kinachomtokea, na hakuona sababu ya kukizuia.

Wakawa wanakula pamoja Jumamosi, kuku na ndizi za kukaanga, kwenye kibanda kimoja cha mtaa wa Soweto ambacho mwenyewe alikuwa na jiko kubwa la mkaa. Ipyana alikuja akiwa ameoga na kuvaa shati lililonyooshwa, lakini vumbi la mbao kwenye nyusi halikutoka hata kwa sabuni. Alipenda kuuliza habari za kazi yake, na aliuliza kama fundi anavyouliza, kitu kinaungwaje na kitu kingine.

"Hiyo makala, ukishaimaliza, inakwenda wapi?"

"Kwenye jarida. Lakini kwanza wahakiki wanaisoma, wanairudisha, tunarekebisha, wanairudisha tena. Hii ya sasa ina mwaka na zaidi."

"Halafu watu wanainunua?"

"Hawanunui. Wanaisoma wenzangu."

"Wangapi?"

"Tukibahatika, arobaini."

Ipyana aliweka mfupa chini. "Mpenzi wangu, kiti changu kimoja kinakaliwa na watu arobaini kwa wiki."

"Kiti chako hakitamfundisha nesi wa Njombe kitu."

"Haya, nimeshindwa. Na mmeandika wangapi?"

"Watatu. Mimi wa kwanza. Nasrin wa pili, yeye ndiye aliyezunguka majumbani kuhoji watu. Wa mwisho ni profesa mmoja wa ng'ambo, tunashirikiana naye."

"Profesa mzima mmemweka mwisho?"

"Kwetu mwisho ni mahali pa heshima."

"Kwetu wa mwisho anakuta chakula kimeisha," alisema Ipyana, akamsogezea ndizi zilizobaki.

Nasrin alikuwa Mwislamu wa Iringa, babu zake walitoka pwani na biashara ya nguo, na alikuwa na sauti ya upole ambayo wazee waliipenda. Utaratibu wao ulikuwa mmoja tangu mwanzo. Nasrin anahoji, anaondoa jina na mtaa, anaweka namba, halafu ndipo Verediana anapewa maneno. Kabla ya kuanza, kila mtu aliyehojiwa aliahidiwa kwamba hakuna atakayejua kama alishiriki, si jirani, si mtoto wake wa kuzaa. Wengi hawakuamini ahadi hiyo, lakini walisema.

Makala yenyewe ilihusu jambo ambalo wauguzi wa Mbeya walilijua na hakuna aliyekuwa ameliandika vizuri. Kwa Wanyakyusa wa kale, mke hatazamani uso na baba mkwe wake. Akimwona anakuja anajifunika, anapisha njia. Chumba chake haingii. Familia nyingi zimeshaacha. Zile ambazo hazijaacha, mzee akipooza, mwanamke aliyebaki nyumbani mchana kutwa ndiye yule yule asiyeruhusiwa kumgeuza kitandani.

Jumamosi moja Ipyana akaanza kusimulia, bila kuulizwa.

"Baba yuko Uyole kwa kaka yangu Brayson. Kaka ni dereva, anashinda safarini. Mama alishafariki. Anayebaki na baba ni shemeji, Subilaga, na shemeji haingii kwa baba. Uji anauleta mlangoni, anagonga kijiko kwenye bakuli, anaondoka. Mzee anauvuta kwa mkongojo. Kabla sijamtengenezea kiti, alitoka kidonda mgongoni kwa kulala. Wakati mwingine kuku wanauwahi ule uji." Alikuwa anatazama mkaa. "Hilo sijamwambia mtu. Tunalijua watu watatu tu, baba, shemeji na mimi. Kaka akijua atamwonea shemeji bure."

Verediana alikuwa ameshika glasi ya soda. Aliishika hivyo hivyo kwa muda. Kijiko, bakuli, mkongojo na kuku, vyote alivijua. Vilikuwa ndani ya makala, kwenye maneno ya mshiriki namba tisa.

Hakuwa na ruhusa ya kusema kitu. Jioni alimpigia Nasrin.

"Namba tisa," alianza.

"Usiniulize, dada," alisema Nasrin. "Ukiniuliza nitakukatalia, na sipendi kukukatalia."

"Siulizi. Makala imefika wapi?"

"Imepita. Inatoka mwezi ujao."

Angeweza kuomba maneno yale yaondolewe. Alijiambia kwamba muda umekwisha, na hilo lilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba yalikuwa maneno mazuri kuliko yote waliyokuwa nayo, na yeye alikuwa mwandishi wa kwanza. Makala ilikuwa ya Kiingereza. Ipyana hakusoma majarida.

Wiki mbili baadaye Ipyana alimwomba waoane. Hakupiga magoti, alizima randa tu, akasema katikati ya karakana, mbele ya milango mitatu iliyosimamishwa ukutani.

"Lakini ujue," akaongeza, "nikishakutambulisha kwa baba kama mchumba, hutauona uso wake. Bado ni mtu wa zamani."

"Mimi ni nesi, Ipyana."

"Kwa baba hakuna nesi. Kuna mke wa mtoto."

"Nipe mpaka nimalize mkutano wa Iringa. Nikirudi nitakujibu."

"Jibu lenyewe ni tamu au chungu?"

"Ni la Kihehe. Halisemwi kwa haraka."

Mkutano ulifanyika Iringa, kwenye ukumbi wa ghorofani maeneo ya Uhindini. Walialikwa wauguzi wa wilaya, viongozi wa dini na watu wa idara ya afya, waelezwe kwa Kiswahili utafiti umekuta nini. Verediana alivaa suti ya kitenge cha kijani aliyoshonewa Miyomboni, na safari hii viatu vilipatana na nguo. Aliongea vizuri. Alipofika katikati alifungua ukurasa, akasoma maneno ya mshiriki namba tisa kama yalivyotamkwa.

"Mke wa mwanangu ananipikia vizuri. Analeta uji mpaka mlangoni, anagonga kijiko kwenye bakuli, anaondoka. Mimi nauvuta kwa mkongojo. Siku nyingine namwaga, siku nyingine kuku wananiwahi. Yeye hana kosa, ndivyo tulivyomfundisha. Ningependa aingie. Lakini mwenye mila ni mimi. Nikianza mimi kuivunja, watasema ugonjwa umenipanda kichwani."

Akainua macho, na karibu na mlango akamwona Ipyana, amevaa suti ya maruni ambayo hajawahi kumwona nayo, ameshika shada la maua lililofungwa kwa karatasi ya nailoni. Alikuwa amefuata mbao Mafinga na akaamua kusogea hadi Iringa amshtukize.

Walikutana nje, kwenye maegesho. Maua alikuwa ameyaacha mahali.

"Kuku," alisema Ipyana. "Hata kuku umewataja."

"Nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza. Habari ile ilijulikana na watu watatu. Nikakupa wewe, ukawa wa nne. Leo inajulikana na ukumbi mzima na Wazungu juu."

Neno moja lingetosha. Angesema tu, haikutoka kwako. Lakini akilisema, watabaki wawili wanaoweza kuwa wamehojiwa, baba na shemeji, na maneno ya mwisho ya namba tisa yalionyesha wazi ni yupi. Mzee aliyeahidiwa kwamba hata mtoto wake hatajua angekuwa amejulikana na mtoto wake, hapo kwenye maegesho, kwa sababu mtafiti ana mchumba.

"Siwezi kukueleza," alisema.

"Huwezi. Na yale ya mwisho je? 'Ningependa aingie.' Baba yangu hajawahi kusema hivyo tangu azaliwe. Umemtungia, Vere. Ulitaka makala inoge, ukamwekea mzee maneno mdomoni."

Wodini nesi huzoea kutukanwa. Verediana alishatukanwa na walevi, na ndugu wa marehemu, na madaktari wawili. Tusi hili lilikuwa jipya, na liliingia mahali ambapo mengine hayakuwahi kufika.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Safari njema, Ipyana."

Akarudi ukumbini, akajibu maswali yaliyobaki, akapiga picha ya pamoja akiwa katikati. Machozi yalikuja baadaye nyumbani kwao Kihesa, akiwa anamenya viazi na mama yake.

Makala ilitoka, na ikasomwa na watu wengi kuliko arobaini. Profesa akaandika kumpongeza. Chuo kimoja cha Malawi kikaomba washirikiane, maana huko kaskazini mwao nao wana mila inayofanana na hiyo. Kila aliyeandika alitaja mshiriki namba tisa. Verediana alijibu barua pepe hizo moja baada ya nyingine kwa lugha safi, na kila alipofika kwenye namba tisa alikuwa na hamu ya kutupa kompyuta dirishani.

"Mwambie tu," Nasrin alisema siku moja kwenye simu, halafu akajisahihisha mwenyewe. "Hapana. Usimwambie."

"Nampenda, Nasrin."

"Najua, dada yangu. Na mimi nilimtazama yule mzee machoni nikamwahidi."

Viti vilifika chuoni kwa wakati. Vililetwa na lori, vyote, mikono minene, mmoja wa kuchomoka, msasa umepita mpaka chini ya kiti ambako hakuna mtu angetazama. Hakukuwa na ujumbe. Verediana alikaa kwenye kimoja kwa muda mrefu stoo, mlango umefungwa, akihisi ulaini wa mbao kwa viganja. Alikuwa na hasira na fundi huyo, na alimtaka.

Simu iliita alipokuwa Iringa tena, amekaa uani anasahihisha mitihani ya wanafunzi.

"Vere."

"Fundi."

"Nimetoka kwa baba. Nilikwenda kumwomba msamaha. Nikamwambia, baba nimekuaibisha, habari zako nilimpa mwanamke akazisoma mbele za watu. Akaniuliza, habari zipi? Nikamwambia, za kuku. Akacheka mpaka akapaliwa."

Verediana aliweka kalamu chini.

"Akasema alizisema mwenyewe. Kwa binti mmoja wa hijabu, mwenye adabu, siku kaka yuko safarini. Na yale ya mwisho nayo ni yake. Nikamwambia, baba, mbona hujawahi kutuambia sisi? Akasema, nyie hamjawahi kuniuliza."

"Mimi sijasema kitu," alisema Verediana.

"Najua hujasema. Hilo ndilo alilonigombeza. Amesema yule binti alimwahidi, naye akajua ni maneno ya watu wa semina. Kumbe wamekataa hata kumwambia mwanawe, na mwanawe anafoka kwenye maegesho. Nilikuita mwongo."

"Uliniita mtunzi. Ni mbaya zaidi."

"Nisamehe, mama. Nimejisikia vibaya tangu siku ile, hata kabla sijajua."

"Na mimi nina langu. Uliponisimulia pale Soweto, nilijua. Ningeweza kuomba yaondolewe. Sikuomba, kwa sababu yalikuwa mazuri."

"Hilo tutaligombania siku nyingine," alisema Ipyana. "Tutakuwa na muda. Lakini ungeniambia tu, mpenzi. Siku ile ile."

"Ningekuambia, ungekuwa na mke asiyeweza kukaa na siri ya mtu."

"Umesema mke?"

"Nimesema kwa mfano."

"Baba anakuita Uyole," alisema Ipyana, na Verediana akasikia kwamba anatabasamu.

Nyumba ya Brayson ilikuwa ya tofali za kuchoma, viazi vimetandazwa uani, kuku wanazurura. Verediana aliwatazama kuku hao kwa heshima fulani. Alivaa kitenge na kujitanda khanga, na Ipyana, safari hii bila suti, alikuwa anatembea mbele yake akifuta viganja kwenye suruali. Chumba cha mzee Yotamu, baba yake Ipyana, kilikuwa na mlango wake wa nje, wenye pazia. Pembeni ya mlango, mahali ambapo aliye ndani hawezi kumwona, alisimama mwanamke mnene wa makamo ameshika bakuli la uji na kijiko.

"Ugonile," alinong'ona Subilaga, akimsalimia Kinyakyusa.

"Ndaga," alijibu Verediana, maana hilo alikuwa ameshafundishwa.

Alikuwa hajawahi kumwona mwanamke huyu, na alimjua kuliko alivyowajua majirani zake.

"Nani huyo?" sauti ya mzee ilitoka ndani, nzito upande mmoja.

"Ni Verediana, baba," alisema Ipyana.

"Mwache aseme mwenyewe. Binti."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kama nani? Kama ni nesi, ingia, nesi anaingia popote. Kama ni habari za Ipyana, mila yetu unaijua. Si umeiandika?"

Ipyana alikuwa anautazama mwimo wa mlango, alioutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Jibu la Iringa alikuwa bado hajapewa. Verediana alijua kwamba akisema nesi atamwona mzee, atakagua mgongo, ataona kama kidonda kimefunga. Alikuwa ametamani kufanya hivyo tangu Ipyana alipomsimulia pale Soweto. Na Ipyana angerudi Mwanjelwa na swali lake.

Akaishusha khanga mpaka usoni, akasogea pembeni, akasimama bega kwa bega na Subilaga.

"Nimekuja kama mke wa Ipyana, baba," alisema.

Ipyana aligeuka. Mdomo wake ulikuwa wazi, na kwa Mnyakyusa mwenye nafasi ya kuhutubia, hakupata hata neno.

Ndani mkongojo ukagonga sakafu.

"Nimesikia," alisema mzee. "Basi ingia."

Hakuna aliyesogea.

"Ingia, nimesema. Na mwenzako aingie, huyo Subilaga. Najua yupo hapo. Tangu aolewe namsikia tu."

Subilaga akamtazama Ipyana, kama anayeuliza iwapo ugonjwa umempanda mzee kichwani.

"Baba," alisema Ipyana taratibu, "watu watasema."

"Waseme. Na hilo nalo mliandike."

Verediana akalifunua pazia, lakini hakupita. Alimpisha aliyengoja zaidi. Subilaga akavua kandambili, akazipanga vizuri ukutani, akagonga kijiko kwenye bakuli kama siku zote. Safari hii hakuondoka. Alivuka kizingiti, akakipita kiti chenye mikono minene, akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake na kumpa bakuli mkononi.

Mzee akalipokea, akanywa kama alivyozoea, akaungua ulimi. Uji wa moto alikuwa ameshausahau.